Goti Miezi Tisa, Mkataba Hadi Juni

Januari 2016, Rwanda ikiwa mwenyeji wa CHAN, Sugira Ernest aliifunga Gabon mabao mawili, na siku kumi baadaye akafunga tena kwenye robo fainali dhidi ya DRC, mechi ambayo Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, walitolewa katika muda wa nyongeza. AS Vita Club ya Kinshasa ikamchukua mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi Kigali, APR, na kuanzia hapo jina lake likawa linasomwa kwenye orodha ya majeruhi mara nyingi kuliko kwenye orodha ya wafungaji. Kisha Januari 2021, Kigali ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, Sugira huyohuyo alitokea benchi huko Kameruni akapachika bao la tatu lililoiondoa Togo, 3-2. Watu wakatoka majumbani kushangilia, amri ya kukaa ndani ikasahaulika kwa muda.

Hadithi ya namna hii huwa tunaisimulia kwa njia moja tu: kijana ana moyo, alivumilia, na Mungu si Athumani. Sina ugomvi na moyo wala na Mungu. Ila kati ya bao la 2016 na lile la 2021 kuna maswali ambayo magazeti ya michezo hayaulizi. Mchezaji akiwa nje, nani anamlipa? Nani anasimamia mazoezi yake kila asubuhi? Nani anatia saini kwamba amepona, na huyo anayetia saini ni daktari au ni kocha mwenye mechi Jumamosi? Nikiangalia soka la Kigali kwa miaka hii, naona kwamba kudumu kwa mchezaji huamuliwa zaidi na majibu ya maswali hayo kuliko na ugumu wa mifupa yake. Na upasuaji, ambao wengi bado wanaudhani ndio kikwazo kikubwa, siku hizi si kikwazo tena.

Tuanze na goti, maana ndilo linalomaliza watu. Ndani yake kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele, ambayo watangazaji huiita ACL, kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele na usijipinde wakati mtu anageuka. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu. Anakimbia, anakata kona ghafla, njumu imeng'ata ardhi, mwili umeshageuka na mguu umebaki. Wengi husema walisikia mlio. Baada ya saa chache goti limejaa kama boga.

Kano hiyo ikikatika yote, kwa mtu anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kukimbia na kugeuka, kawaida hutengenezwa nyingine. Daktari huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, ama nyuma ya paja ama chini ya kifuniko cha goti, anatoboa mifupa miwili na kukipitisha humo kwa upasuaji wa matundu madogo. Kazi ya saa moja au mbili. Kinachofuata ndicho mashabiki hawakielewi, na viongozi wengi wa klabu pia. Kipande kile kilikuwa na damu yake kilikotoka. Kilipohamishwa kimekatiwa damu. Kwa miezi ya kwanza kinadhoofika, kisha taratibu mishipa mipya inaingia na kukigeuza kuwa kano ya goti kweli. Kwa maneno mengine, kuna kipindi ambacho kano mpya ni dhaifu kuliko ilivyokuwa siku mgonjwa alipotoka chumba cha upasuaji. Na kipindi hicho goti halimuumi tena kama mwanzo! Uvimbe umekwisha, anapanda ngazi za Nyabugogo na begi mgongoni, anakimbia kidogo kidogo. Maumivu yameisha mapema kuliko ugonjwa. Mtego uko hapo.

Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa 2016 uliwafuatilia wanamichezo waliotengenezwa kano hiyo, ukaonyesha kwamba kila mwezi mmoja mtu anaousubiri kabla ya kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, hupunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia goti tena. Mwaka huohuo, takwimu za klabu kubwa za Ulaya zilizokusanywa na kikundi cha Jan Ekstrand kwa niaba ya UEFA zilionyesha jambo lingine. Karibu wachezaji wote waliokatika kano hiyo walirudi uwanjani ndani ya mwaka mmoja, lakini baada ya miaka mitatu ni asilimia 65 tu waliokuwa bado wanacheza katika ngazi ileile. Hao ni watu wenye daktari wao, mpishi wao, bwawa la kuogelea na mashine za mamilioni. Kwa hiyo kurudi uwanjani na kudumu uwanjani ni mambo mawili, na Kigali tunashangilia la kwanza tu.

Sasa hospitali. Mtu wa Dar au Nairobi anayeisikia Rwanda kwa mbali huenda akadhani mchezaji akivunjika hapa lazima apandishwe ndege. Wapo wanaopandishwa, kama ilivyo kila mahali kwenye ukanda huu. Yanga walimpeleka Yacouba Sogne Tunisia alipoumia goti mwishoni mwa 2021, Simba walimpeleka kipa Aishi Manula Afrika Kusini mwaka 2023, ingawa jijini Dar kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili yenye wataalamu wanaofanya upasuaji wa matundu. Lakini Kigali ina King Faisal, ina CHUK, ina Hospitali ya Jeshi pale Kanombe. Na nje ya jiji kuna historia ambayo nchi nyingi za jirani hazina. Gatagara, wilayani Nyanza, padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianzisha mwaka 1960 kituo cha watoto wenye ulemavu wa viungo, kikakua hadi kuwa hospitali ya mifupa na urekebishaji wa viungo. Rilima, kule Bugesera, kuna hospitali nyingine inayojulikana kwa upasuaji wa mifupa ya watoto. Mwaka 1996, nchi ikiwa na majeruhi wa mauaji ya kimbari na wa vita, ilifunguliwa taasisi ya afya ya Kigali, KHI, iliyoanza kufunza wataalamu wa fiziotherapia. Mwaka 2013 ikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Hao ndio unaowakuta leo wamepiga magoti pembeni ya uwanja na mkoba wa barafu. Mikono ipo.

Kinachokosekana ni mwezi wa tano.

Hebu fanya hesabu ya kawaida. Ligi kuu ya Rwanda huanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni. Mikataba mingi ni ya miaka miwili, na huisha pamoja na msimu. Mchezaji wa klabu ya kati akikatika kano mwezi Februari, picha ya MRI, majadiliano ya nani analipa na foleni vitamfikisha kwenye upasuaji mwezi Machi. Juni, mkataba unapokwisha, yuko mwezi wa tatu. Kano mpya bado ni mbichi. Miezi tisa inatimia Desemba, na Desemba hana klabu, hana mtaalamu wa viungo, hana chumba cha mazoezi, hana mtu wa kumpigia simu akihisi goti linalegea. Kwa hiyo Agosti, ndio mwezi wa tano, wakati timu zinasajili, anajitokeza kwenye majaribio ya timu nyingine. Kocha anamuuliza, "Vipi, lile goti?" Anajibu, "Coach, niko fiti." Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Nimewahi kuwaona vijana wa hivyo asubuhi kwenye viwanja vya Nyamirambo, wakikimbia peke yao kuzunguka timu ambayo si yao. Unamtambua kwa paja moja kuwa jembamba kuliko jingine. Msuli wa mbele wa paja hunyauka haraka sana baada ya upasuaji wa goti na hurudi polepole sana, na tofauti hiyo ni mojawapo ya ishara za hatari ya kuumia tena. Kuipima hakuhitaji mashine. Utepe wa fundi cherehani unatosha: zungusha paja la kulia, zungusha la kushoto, andika. Kisha mwambie aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo kwenda mbele, pima alipofika. Arudie kwa mguu mwingine. Mguu uliofanyiwa upasuaji ukifikia asilimia 90 ya ule mzima, mazungumzo ya kurudi yanaweza kuanza. Ni kipimo kinachojulikana dunia nzima na kinagharimu bei ya utepe. Kinachotakiwa ni mtu mwenye mamlaka ya kusema "bado" na kusikilizwa.

Mamlaka hayo ndiyo adimu. Daktari wa timu analipwa na klabu na anakaa benchi moja na kocha. Kocha naye akipoteza mechi tatu anafukuzwa. Na mchezaji mwenyewe hataki kusikia "bado", kwa sababu sehemu kubwa ya anachopeleka nyumbani si mshahara, ni agahimbazamusyi, bonasi ya ushindi, ambayo kwa kawaida hupewa waliokuwa kwenye kikosi. Asiyecheza hali. Ndiyo maana enka hufungwa bandeji ngumu na mtu anaingia. Ndiyo maana msuli wa nyuma ya paja ukimwuma Alhamisi anasema ni uchovu. Wengine hupitia kwanza kwa waunga mifupa wa mitaani au vijijini, na si ujinga. Mwunga mifupa hapeleki taarifa kwa klabu. Siri inabaki siri, na kwa mtu ambaye mkataba wake unaisha Juni siri hiyo ina thamani ya fedha.

Mituweli, bima ya afya ya jamii inayosifiwa kwa haki duniani, haikutengenezwa kwa jambo hili. Inamtoa mtu kwenye malaria, kujifungua na kuvunjika mkono, mgonjwa akichangia asilimia 10 ya gharama za hospitali. Haikuahidi kumrudisha winga kwenye kasi yake. Hilo ni jukumu la mwajiri, na mwajiri wa mchezaji ni klabu.

Ndipo tofauti kati ya klabu inapoingia. Timu yenye taasisi kubwa nyuma yake, kama jeshi kwa APR, ina mahali pa kumpeleka mtu na haiyumbi pesa za mlangoni zikipungua. Timu zinazoishi kwa wadau, michango na mapato ya mechi huwa na mshahara unaochelewa hata kwa wazima. Majeruhi ndiye wa mwisho kwenye foleni. Sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili, baada ya kutoa notisi ya siku 15, kuvunja mkataba kwa sababu halali. Ni silaha nzuri kwa mchezaji mzima ambaye kesho atapata timu nyingine. Aliye na magongo akivunja mkataba atakwenda wapi?

Tuwatazame waliodumu, kwa sababu nao wana la kusema. Meddie Kagere, mzaliwa wa Kampala aliyeichezea Amavubi, alihamia Simba mwaka 2018 akiwa amekwishavuka miaka 30, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo, mabao 23 kisha 22. Haruna Niyonzima alitoka APR kwenda Yanga mwaka 2011, akahamia Simba 2017, akarudi Kigali, akarudi Yanga, na alivuka mechi 100 za timu ya taifa. Denis Onyango, kipa wa Uganda, alikuwa bado kwenye kikosi cha Mamelodi Sundowns akikaribia miaka 40. Watu husema hawa waliumbwa hivyo. Huenda. Lakini angalia walikodumu: Simba, Yanga, Sundowns, klabu ambazo mshahara unaingia na majeruhi ana mtu wa kumshughulikia. Halafu angalia namna walivyocheza. Kagere hakuwa mtu wa kukimbia kilomita. Alijua kusimama mahali mpira utakapofika. Niyonzima alicheza kwa macho kabla ya miguu. Mchezaji anayepunguza idadi ya mbio zisizo na maana anaongeza miaka, na hili makocha wa vijana wa Kigali wanaopenda kupiga kelele "kimbia, kimbia!" wangelifikiria.

Lakini nisije nikaonekana nasema fedha hutibu kila kitu. Victor Wanyama alicheza mechi 36 za ligi kuu ya Uingereza msimu wa 2016/17 akiwa Tottenham, akiwa mmoja wa viungo wakabaji bora wa ligi ile. Agosti 2017 goti likamkamata. Alikuwa na kila kitu ambacho fedha inaweza kununua London, na Februari 2018 aliwafunga Liverpool bao ambalo Wakenya bado wanalirudia kwenye simu zao. Ila mwendo ule wa mechi 36 haukurudi, na Machi 2020 akaondoka kwenda Montreal. Mbwana Samatta wa Tanzania, kwa upande mwingine, aliumia gegedu la ndani ya goti, meniskasi, mnamo Novemba 2017 akiwa Genk, akapasuliwa, akarudi baada ya wiki chache, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Goti na goti si sawa. Meniskasi iliyochanika ikikatwa kipande, mtu hurudi haraka; ikishonwa, anasubiri miezi. Kukata kunampa mchezaji msimu huu na kunaweza kumpa maumivu ya viungo akiwa na miaka 45. Kushona ni kinyume chake. Uamuzi huo unapofanywa Kigali, ningependa mchezaji awe ameelezwa yote mawili, kwa Kinyarwanda au Kiswahili anachokielewa, kabla ya kuwekwa usingizi.

Kuhusu nyasi bandia nitapita haraka, kwa sababu lawama ni nyingi kuliko ushahidi. Uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu Machi 2023 unaitwa Kigali Pelé Stadium, ni kapeti. Huye ni kapeti, na hapo ndipo Amavubi walipoifunga Afrika Kusini 2-0 Novemba 2023. Tafiti za Ulaya hazikubaliani: jumla ya majeraha haizidi sana, ila baadhi zilikuta enka huumia zaidi kwenye kapeti. Mimi naogopa zaidi kapeti kuukuu kuliko kapeti yenyewe. Ile yenye chembe za mpira zilizopungua, ambapo njumu zinashika kupita kiasi, saa tisa alasiri, jua la Kigali limeipasha joto hadi unalihisi kwenye nyayo. Na mchezaji anayefanya mazoezi kwenye udongo Jumanne, kwenye kapeti Alhamisi na kwenye nyasi za kweli Jumamosi anaitaka miguu yake ijifunze upya mara tatu kwa wiki.

Kalenda nayo ni tatizo la aina yake. Ulaya wanalalamikia mechi nyingi, na wana haki: katika takwimu zilezile za UEFA, majeraha ya misuli ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, yakafika asilimia 24 msimu wa 2021/22. Kila shabiki wa Arsenal hapa Kigali, na jezi yao ilianza kubeba jina la nchi yetu begani mwaka 2018, alihesabu siku za Bukayo Saka kutoka Desemba 2024 alipoumia pale Crystal Palace hadi Aprili mosi 2025 aliporudi na kuifunga Fulham. Tunaujua msuli wa Saka kuliko wa beki wa kushoto wa Kiyovu. Shida ya hapa si wingi wa mechi, ni kupanda na kushuka kwake. Ligi ya 2020/21 ilisimama Desemba, ikarudi Mei kwa mfumo wa makundi na kumalizwa kwa haraka. Mwili uliokaa miezi kisha ukadaiwa mechi baada ya mechi ni mwili unaotafutiwa kuchanika. Korona imepita, lakini mapumziko yasiyotabirika, viporo vya mechi za kimataifa na kambi za ghafla havijapita.

Jambo ambalo lingepaswa kujulikana kwa kila kocha wa Rwanda lilifanyika hapahapa na karibu hakuna anayelitaja. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa timu 12 za daraja la pili Rwanda, wachezaji zaidi ya 600, kwa miezi saba. Nusu ya timu zilipasha misuli kwa utaratibu wa FIFA 11+, nusu zikaendelea na utaratibu wao wa kawaida. Timu zilizofuata utaratibu huo zilipata majeraha machache kwa kiasi kikubwa. Mtafiti mkuu, Assuman Nuhu, ni mtaalamu wa fiziotherapia wa Rwanda. Si Oslo, si Zurich. Ni viwanja vyetu, udongo wetu, vijana wetu wa daraja la pili wasio na mpishi. Matokeo kama hayo yalikwishaonekana Norway mwaka 2008 kwa wasichana, na Lagos mwaka 2014 kwa vijana wa kiume, ambako majeraha yalipungua kwa asilimia 41.

FIFA 11+ ni dakika 20. Mbio nyepesi za kwenda na kurudi, mazoezi ya nguvu, usawa na kuruka, kisha mbio za kasi. Katikati yake kuna zoezi moja ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Mchezaji anapiga magoti kwenye nyasi, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa mikono miwili na kuvigandamiza chini. Anaanza kuanguka mbele kama mti, mwili umenyooka kutoka magoti hadi kichwa, akijizuia kwa nyuma ya mapaja tu, taratibu, taratibu, hadi misuli inapokataa na viganja vinapiga ardhi. Kesho yake atatembea kama mzee. Baada ya wiki kadhaa atashuka polepole hadi karibu kugusa nyasi kwa kifua. Misuli inayojifunza kujizuia huku ikirefuka ndiyo isiyochanika mchezaji anaponyoosha mguu akiwa kwenye kasi. Halihitaji kitu chochote isipokuwa mwenzako.

Kwa nini halifanyiki kila mahali? Nimemsikia kocha mmoja akisema dakika 20 ni nyingi. Ana saa moja na nusu ya uwanja, na nyuma yake kuna timu nyingine inasubiri. Jibu hilo ni la kweli, si la uvivu. Uwanja wa kukodi huhesabiwa kwa dakika. Na faida ya zoezi hilo haionekani. Hakuna mtu anayempongeza kocha kwa jeraha ambalo halikutokea. Kwa wanawake hoja hii ni nzito zaidi. Kano ya msalaba ya mbele hukatika kwa wachezaji wa kike mara mbili au zaidi ya wanaume, na ligi ya wanawake ya Rwanda inakua huku mikataba yake ikiwa mifupi na midogo kuliko ile ya wanaume.

Turudi kwenye fedha. FIFA ina mpango wa kuzilinda klabu tangu 2012. Mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa katika mechi zilizomo kwenye kalenda ya kimataifa na kukaa nje zaidi ya siku 28, klabu hulipwa mshahara wake, hadi euro milioni 7.5 kwa ajali moja. Mpango huo ulitengenezwa kwa sababu klabu za Ulaya zilichoka kuwalipa majeruhi wa mataifa. Beki wa Kigali anayekatika kano Jumamosi akiichezea klabu yake kwenye ligi ya nyumbani hana mpango wowote wa aina hiyo. Kanuni za leseni za CAF zinaitaka klabu iwe na daktari, mtaalamu wa viungo na vipimo vya kabla ya msimu. Hazisemi nani atamhudumia mtu huyo Septemba, mkataba wake ukiwa umekwisha Juni.

Kifungu kinachohitajika ni kifupi. Mchezaji aliyeumia kazini akiwa na mkataba, mkataba huo ukiisha kabla hajapona, klabu iendelee kugharamia matibabu na mshahara, hata kama ni nusu, hadi mwezi wa tisa baada ya upasuaji au hadi daktari asiye wa klabu aseme yuko tayari. FERWAFA, shirikisho la soka la Rwanda, inaweza kukiweka kwenye mkataba wa mfano ambao klabu zote zingeutumia kusajili, na kampuni za bima za Kigali zinaweza kukipangia bei, kwa sababu hesabu yake si ngumu: timu 16, kikosi cha watu wasiozidi 30 kila moja, na kano chache zinazokatika kwa msimu. Viongozi wa klabu watasema hawana fedha. Wengi wao hawana kweli. Lakini kila dirisha la usajili likifunguliwa, klabu hizohizo hupata fedha za kumleta mshambuliaji kutoka nje kuziba pengo la yule aliyelazwa, zinalipa tiketi, nyumba na pesa ya kusaini, na wengi wa wageni hao huondoka kabla ya Krismasi. Tofauti kati ya bei hiyo na miezi sita ya nusu mshahara ni kitu ambacho mweka hazina yeyote wa klabu anaweza kukipiga kwenye kikokotoo kabla ya kikao kijacho.